Carnitas nyumbani: sufuria nzito ya enameli, presha kuka, na sufuria ya kupikia polepole

Kwa kupika carnitas nyumbani, sufuria nzito ya chuma iliyovalishwa enameli ndani na nje, yenye ujazo wa lita 5 hadi 6 na kipenyo cha sentimita 26 hadi 28, ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza. Presha kuka ya umeme inafuata, tena kwa masharti. Sufuria ya umeme ya kupikia polepole inashika mkia, na kwa chakula hiki hatuoni sababu ya mtu kwenda kuinunua. Uamuzi huu unatokana na jinsi nyama yenyewe inavyoiva, kwa hiyo tuanzie kwenye nyama.

Carnitas ni nyama ya nguruwe ya jimbo la Michoacán, Meksiko, inayopikwa ndani ya mafuta ya nguruwe hadi inyambuke kwa vidole, huku kingo zake zikiwa kavu na za rangi ya dhahabu. Miji ya Quiroga na Uruapan hutajwa mara nyingi panapozungumzwa carnitas, na nyama huuzwa kwa uzito. Mnunuzi husema anataka nini: maciza ni mnofu, cuerito ni ngozi, costilla ni mbavu, buche ni tumbo, na surtida ni mchanganyiko wa vyote. Kwa jadi hupikwa kwenye cazo, karai kubwa la shaba, na mengi ya makarai hayo hufuliwa kwa nyundo katika mji wa Santa Clara del Cobre, ambao jina lake lenyewe limebeba shaba.

Shaba haikuchaguliwa kwa urembo. Hupitisha joto takriban mara saba kuliko chuma cha kusubu, kwa hiyo kitako na kuta za karai hupata moto kwa pamoja, na mpishi akipunguza moto, mafuta hutii papo hapo. Karai la namna hiyo hupikia nguruwe mzima ndani ya bahari ya mafuta. Nyumbani una kilo mbili za nyama na mafuta kidogo. Unachohitaji ni chombo kinachoweza kufanya kazi mbili tofauti bila kuhamisha nyama: kwanza kuilainisha ndani ya maji na mafuta, halafu kuikaanga ndani ya mafuta peke yake.

Hatua hizo mbili ndizo carnitas. Maadamu kuna maji chini ya sufuria, joto haliwezi kupita sana nyuzi 100 za Selsiasi, hata ukiwasha moto kiasi gani. Katika joto hilo, kolajeni, yaani ule utando mgumu uliojaa kwenye nyama ya bega, hugeuka taratibu kuwa jeli. Kazi huanza kwenye nyuzi 70 hivi, hushika kasi kuanzia 80, na nyama hukubali kunyambuka ikifika nyuzi 90 hadi 96 kwa ndani. Nyama ya nguruwe ni salama kuliwa ikifika nyuzi 63 na kupumzishwa dakika 3, lakini bega la nyuzi 63 bado linatafunwa kama mpira. Wengi wanaolalamika kwamba nyama yao “imeiva ila ni ngumu” wameitoa mapema mno. Wanadhani wameipitiliza, kumbe ilihitaji saa nyingine.

Maji yakiisha, mambo hubadilika. Joto la mafuta hupanda hadi nyuzi 120, 140 na zaidi, na kingo za nyama huanza kubadilika rangi na kutoa ile harufu ya kukaangwa. Hapa ndipo vyombo vinapoachana.

Kwa nini sufuria ya enameli

Jambo la kwanza ni upana. Maji huondoka kupitia uso wa sufuria, na sufuria yenye kipenyo cha sentimita 28 huyamaliza mapema kuliko nyembamba ya ujazo uleule. Tena vipande vya nyama hulala safu moja, au moja na nusu, hivyo kila kipande hugusa kitako wakati wa kukaanga. Kwenye sufuria ndefu na nyembamba, vipande vya juu huchemka tu kwa mvuke wa wenzao wa chini.

La pili ni uzito. Chuma kinene hushika joto na kulisambaza kwa utulivu. Sufuria nyepesi ya alumini ina madoa ya moto mkali juu ya kila tundu la jiko, na katika nusu saa ya mwisho, wakati sukari ya chungwa na ya maziwa imeshakolea chini, doa moja tu linatosha kuunguza na kuipa nyama yote uchungu. Alumini tupu pia haielewani vizuri na asidi ya chungwa. Sufuria nyeusi ya chuma cha kusubu isiyo na enameli inakaanga vizuri ajabu, lakini saa mbili za maji yenye chungwa hula ile ngozi nyeusi ya mafuta uliyoijenga kwa miezi, na nyama hubaki na ladha ya chuma. Ukiwa na hiyo tu, acha chungwa, tumia maziwa na viungo vikavu.

La tatu watu hulipuuza: rangi ya ndani. Nunua yenye enameli nyeupe au ya krimu. Carnitas huamuliwa kwa macho katika dakika 15 za mwisho, na kwenye kitako cheupe unaona wazi masalia yakitoka rangi ya asali kwenda kahawia. Enameli nyeusi ni ngumu zaidi kuchubuka rangi na inaficha madoa, lakini inaficha pia kuungua, na ukisikia harufu umeshachelewa.

Mfuniko uwe mzito na unaokaa vizuri, maana hatua ya kwanza hupikwa umefunikwa nusu. Kama unakusudia kutumia oveni, angalia kishikio cha mfuniko. Cha chuma hakina shida, lakini cha plastiki ngumu kina kikomo cha joto, na kikomo hicho huandikwa kwenye kijitabu cha sufuria.

Sufuria ya chuma cha pua yenye kitako kinene cha tabaka kadhaa inaikaribia sana hii. Aliye nayo asijitaabishe kununua nyingine kwa ajili ya carnitas peke yake. Itamlazimu kukaa karibu zaidi na jiko mwishoni, basi.

Vipimo na hatua

Kwa sufuria ya lita 5.5, kilo 2 za nyama isiyo na mfupa ndicho kipimo chake. Ukiweka kilo 3, maji yatachelewa kuisha na nyama itasambaratika kabla haijapata rangi. Ukiweka kilo 1 kwenye sufuria hiyo, maji yataisha haraka kabla nyama haijalainika, na utaongeza maji mara kwa mara.

Chagua bega la juu, lile lenye mfupa bapa, ambalo Meksiko huitwa espaldilla. Lina mafuta yaliyopenya katikati ya mnofu na kolajeni ya kutosha. Mguu wa nyuma unaweza kuchanganywa, si zaidi ya theluthi. Nyama ya mgongoni iache kabisa: haina mafuta wala kolajeni, na saa mbili zitaigeuza nyuzi kavu zisizomezeka bila maji. Ukipata mbavu chache zenye mfupa, tia, zinaongeza ladha ya mchuzi na watu huzigombea mezani.

Kata vipande vya sentimita 6 hadi 7 kila upande. Vitaonekana vikubwa kupita kiasi, lakini nyama itapungua kwa takriban theluthi ya uzito wake. Vipande vya sentimita 3 hulainika haraka, kweli, ila vikifika kwenye hatua ya kukaanga vimeshakuwa uji, na mwiko ukigusa tu vinasambaratika na kuungua.

Chumvi ni gramu 15 kwa kilo, yaani gramu 30 kwa kilo 2, sawa na vijiko 5 vya chai vya chumvi laini. Ipake nyama usiku uliotangulia na uiache kwenye friji bila kufunika. Kama hakuna muda, ipake saa moja kabla. Chumvi inayotiwa mwishoni hubaki juu ya kingo na ndani nyama inakuwa chapwa.

Mafuta ya nguruwe gramu 300. Usiyabadilishe kwa mafuta ya mboga ukitarajia matokeo yaleyale. Nyama itaiva, lakini ladha itakosa kina. Kama huyapati yaliyoyeyushwa tayari, kata vipande vidogo gramu 500 za mafuta meupe ya mgongoni, weka kwenye sufuria hiyohiyo na mililita 100 za maji, moto mdogo kabisa, dakika 45 hadi saa nzima. Maji hayo huyazuia yasiungue kabla hayajaanza kuyeyuka. Chuja, na masalia yale makavu yana watu wake.

Yeyusha mafuta kwa moto wa wastani, panga nyama, kisha tia maji mililita 500, kitunguu maji kimoja kilichokatwa nusu, punje 6 za kitunguu saumu zilizopondwa kidogo, majani makavu 3 ya laurel (majani ya bay), kijiko kimoja cha chai cha oregano ya Meksiko, jani kavu la kunukia, na kijiti kifupi cha mdalasini ukipenda. Kamua chungwa moja, juisi yake yote iingie, na ongeza vipande viwili vya ganda lake vilivyomenywa kwa kisu bila ile nyama nyeupe. Ganda litolewe baada ya saa moja, kwa sababu likikaa hadi mwisho hutoa uchungu unaokwama kooni. Maziwa mililita 100 ndiyo ya mwisho.

Hapo kwenye maziwa na chungwa wapishi wa Meksiko hawakubaliani, na kila nyumba ina msimamo wake. Wapo wanaotia soda ya Coca-Cola, wapo wa maziwa mazito ya kopo yenye sukari, wapo wasiotia chochote zaidi ya chumvi na mafuta. Vinavyotiwa vyote vinafanya kazi moja: kuongeza sukari kidogo ili nyama ishike rangi. Kwa sufuria ya nyumbani tunapendelea chungwa na maziwa kidogo. Soda na maziwa mazito yana sukari nyingi, na kwenye kitako cha sufuria, tofauti na karai lililojaa mafuta, sukari hiyo haina pa kuelea. Inashuka chini na kuungua.

Acha ichemke, kisha punguza moto hadi iwe inatokota polepole, mapovu machache tu yakipasuka juu. Funika ukiacha upenyo wa upana wa kidole. Saa 1 na dakika 45 hadi saa 2. Geuza vipande kila nusu saa, kwa koleo, taratibu. Nyama iko tayari kwa hatua ya pili pale uma unapoingia na kuzunguka bila kupambana, huku kipande bado kinashika umbo lake. Hii ni hatua ya kuwa mkali nayo. Ukisubiri hadi kipande kianguke chenyewe, umepitiliza kwa kusudi letu, kwa sababu bado kuna kukaanga mbele.

Sasa ondoa mfuniko, toa kitunguu, majani na mdalasini, na pandisha moto kuwa wa wastani. Maji yatachukua dakika 25 hadi 40 kuisha, kutegemea upana wa sufuria na maji ambayo nyama imetoa. Usiondoke jikoni. Sikiliza zaidi kuliko unavyotazama. Maji yakiwepo, sufuria inatokota kwa sauti nzito, mapovu ni makubwa na mvuke mwingi. Yakikaribia kwisha, mapovu huwa madogo na ya haraka, mvuke unapungua, na ule mlio mzito unageuka kuwa chwaaa nyembamba isiyokatika. Mafuta nayo, yaliyokuwa na ukungu mweupe, yanaanza kung'aa hadi unaona kitako. Tangu dakika hiyo una dakika 12 hadi 18, si zaidi.

Punguza moto kidogo. Acha kila kipande kilale upande mmoja dakika 4 au 5 bila kuguswa, ndipo ukigeuze. Makosa mengi ya hatua hii ni ya mikono isiyotulia: kila ukigeuza kipande kabla hakijashika ganda, unaacha nyuzi chini, na nyuzi hizo ndizo huungua kwanza. Maziwa yataacha chembe za kahawia. Hizo ni kawaida, zikwangue kwa mwiko wa mbao kabla hazijawa nyeusi. Kama kipimajoto cha mafuta kipo, weka nyuzi 140 hadi 155. Mafuta ya nguruwe huanza kutoa moshi karibu na nyuzi 190, na ukiuona moshi, ondoa sufuria jikoni kabisa, maana chuma kizito kitaendelea kupika dakika kadhaa hata moto ukizimwa. Hiyo ni hasara moja ya uzito tuliousifu hapo juu.

Onyo moja la usalama: maji yakishaisha, usitie juisi ya chungwa, maziwa, wala chochote cha baridi ndani ya mafuta. Yataruka hadi usoni. Na kama nyama yako ina ngozi, itoe kabla ya hatua ya kukaanga na uikate vipande vidogo vya kuliwa hivyohivyo ikiwa laini. Ngozi iliyonyonya maji hupasuka kwa kishindo ndani ya mafuta ya moto.

Toa nyama, iweke juu ya chujio au waya ichuruze, isubiri dakika 10. Nyambua kwa vidole au uma mbili, vipande vya ukubwa wa dole gumba. Usiichambue ikawa nyuzinyuzi za kujaza ndani ya mkate. Kila kipande kiwe na sehemu laini ya ndani na ukingo mkavu. Kunyambua kwafuata kukaanga, kamwe kusitangulie, kwa sufuria hii. Nyama iliyonyambuliwa kwanza hunywa mafuta na kukauka yote.

Mezani weka totila ndogo za mahindi, yaani chapati nyembamba za Meksiko, mbili mbili ili ya chini ishike mchuzi, kitunguu maji kibichi kilichokatwa vidogo, majani ya giligilani, ndimu, na salsa verde, mchuzi wa kijani. Kwa salsa hiyo: gramu 500 za tomatillo, tunda la kijani la Meksiko linalofanana na nyanya, na pilipili mbichi 2 za serrano, chemsha dakika 8 hadi 10 hadi rangi ya kijani angavu ifubae, saga na robo ya kitunguu, punje ya saumu na chumvi. Ukali wake wa uchachu ndio unaokata mafuta, kwa hiyo usiiruke.

Zinapoharibika

Maji yakiisha nyama ikiwa bado ngumu, usiendelee kukaanga ukitumaini italainika. Haitalainika, itakauka. Zima moto, subiri dakika 10 mafuta yapoe, tia maji ya moto mililita 250 polepole ukiwa umesimama mbali, funika, rudisha hatua ya kwanza kwa dakika 30. Hakuna kinachoharibika kwa kufanya hivyo.

Nyama ikiwa laini kupita kiasi na maji bado ni mengi, itoe yote kwa kijiko chenye matundu, chemsha maji peke yake kwa moto mkali hadi yabaki mafuta, kisha irudishe. Chini pakishika weusi, usikwangue hata kidogo. Mimina mafuta na nyama kwenye chombo kingine haraka, acha weusi ulipo. Ukikwangua, uchungu unaenea kila mahali na hapo hakuna ndimu itakayookoa.

Presha kuka ya umeme

Sifa yake ni ya kweli: kwa shinikizo la juu, nyingi za umeme hupika kwenye nyuzi 115 hadi 118, na bega la vipande vya sentimita 6 hulainika kwa dakika 35 hadi 40. Kwa mtu anayerudi kazini jioni, hiyo ni tofauti kati ya kupika na kutopika. Tatizo ni kwamba hutoa hatua ya kwanza peke yake. Hakuna mvuke unaoondoka, na nyama yenyewe hutoa maji mengi juu ya yale uliyoweka, kwa hiyo ukifungua unakuta nyama laini, rangi ya kijivu, ikiogelea.

Kitufe cha kukaangia cha presha kuka tulitarajia kingemaliza kazi. Hakimalizi vizuri. Chombo ni chembamba na kirefu, moto hujiwasha na kujizima kwa kufuata kihisi, na kuyakausha maji yale huchukua muda mrefu huku nyama laini ikivunjikavunjika. Njia inayofaa ni kugawa kazi. Weka maji mililita 250 tu, chungwa, viungo, mafuta gramu 100, na maziwa uyaache kabisa kwa sababu huganda chini na kuwasha onyo la kuungua. Baada ya dakika 40, acha shinikizo lishuke lenyewe dakika 15. Ukilifungulia ghafla, maji yaliyo ndani ya nyama huchemka kwa fujo na kuondoka nayo, na unabaki na nyama laini iliyokauka, jambo linaloshangaza wengi.

Chuja mchuzi, uache utulie, engua mafuta, na uchemshe maji yaliyobaki kwenye sufuria pana hadi yawe mazito, kama kikombe kimoja. Tandaza nyama kwenye trei, vipande vikubwa, nyunyizia mafuta vijiko 4 vya chakula na nusu ya mchuzi ule, na uingize chini ya grili ya juu ya oveni iliyopata moto kabisa, dakika 5 hadi 7. Geuza, nyunyizia uliobaki, dakika 4 tena. Matokeo ni mazuri. Kingo zinapatikana juu tu, siyo kuzunguka kipande kizima, na ladha ya mafuta haijapenya. Mlaji wa kawaida ataridhika. Aliyekula carnitas za Quiroga atatambua.

Sufuria ya kupikia polepole haihitaji maneno mengi. Saa 8 kwa moto wa chini au saa 4 hadi 5 kwa wa juu, nyama inalainika, na bado unahitaji trei na oveni kama presha kuka, bila ule wepesi wake. Mbaya zaidi, watu huitia nyama iliyoganda kutoka friza. Chombo hicho hupanda joto taratibu, na nyama hukaa muda mrefu kati ya nyuzi 5 na 60, pale bakteria wanapozaliana.

Kasoro za sufuria tunayoipendekeza

Ni nzito. Tupu ina kilo 5 hadi 6 pamoja na mfuniko, na ikiwa na nyama na mafuta ya moto inapita kilo 8. Masikio yake yawe mapana kiasi cha kuingiza vidole vinne vikiwa na kitambaa kinene. Jaribu dukani kabla hujalipa, maana mengine ni mafinyu hadi ni hatari. Mwenye mikono dhaifu achote mafuta kwa upawa badala ya kuimimina.

Enameli ni kioo, na hufa kama kioo. Usiipashe tupu kwa moto mkali, usiimwagie maji baridi ikiwa ya moto, usigonge mwiko ukingoni. Kwenye jiko la induksheni anza kwa nguvu ya chini dakika 5, kwa sababu kitako hupata joto haraka kuliko kuta na tofauti hiyo hupasua enameli. Madoa ya kahawia baada ya carnitas hayana madhara: chemsha maji na vijiko 2 vya chakula vya soda ya kuokea dakika 10, acha yapoe, sugua kwa sponji laini. Kipande cha enameli kikibanduka ndani, hata kidogo, iache kupikia, maana vipande vingine hufuata na huishia kwenye chakula. Ukingo ukibanduka kwa nje, ukaushe vizuri na kuupaka mafuta usishike kutu.

Mafuta yaliyobaki yana thamani yake. Yachuje yakiwa vuguvugu kwa kitambaa, yaweke kwenye mtungi wa kioo, friji usiku mmoja. Asubuhi utakuta tabaka mbili: mafuta meupe juu, na chini jeli ya kahawia yenye chumvi. Yatenganishe, kwa sababu mafuta yenye jeli huchacha mapema. Mafuta safi yatakaa miezi kadhaa kwenye friji na kupika carnitas zijazo, na ladha yake huongezeka. Jeli itumike ndani ya siku 3 au 4: vijiko viwili ndani ya kikaango wakati wa kupasha nyama ya jana, moto wa wastani, bila mfuniko, hadi iyeyuke, ikauke na kuivisha nyama upya ganda lake.